Jinsi ya Kwenda Safari ya Masomo Bila Kulala Kwenye Basi

Kwanza, zima injini ya basi.

Hilo basi la manjano lenye jina la shule ubavuni liache palepale chini ya mgrevilea, na dereva apumzike. Ukitaka wanafunzi wa Ikonge, katika kaunti ya Nyamira, wajifunze kwa mikono yao, siku ya kwanza hutahitaji hata tone la dizeli. Utahitaji fimbo ya mita moja, futi kamba na jua. Jua la Nyamira halitozi kiingilio wala halidai barua ya mwalimu mkuu.

Safari tulizozizoea nazijua vizuri. Nilizipanda nikiwa mwanafunzi, nikazipanda tena nikiwa mtu mzima aliyepewa kazi ya kuhesabu vichwa. Kengele hulia saa nane usiku. Kila mtu hupewa nusu mkate na soda. Nyimbo huimbwa hadi Sotik, na kuanzia hapo ni mikoromo mitupu. Nairobi huonekana kupitia kioo chenye ukungu wa pumzi. Mnasimama robo saa mbele ya twiga, robo saa mahali ambapo ndege huonekana kwa mbali, na saa mbili nzima palipo na chipsi. Jumatatu mwalimu anadai ripoti, na wanafunzi sitini wanaandika ripoti moja: tuliondoka salama, tukaona mengi, tukarudi salama. Pesa zilizolipia ripoti hiyo zilitoka kwenye majani ya chai yaliyochumwa kilo kwa kilo na mama wa mtu, sketi ikiwa imeloa umande hadi magotini. Mama yule hakuchuma chai ili mwanawe akalale barabarani.

Kwa hiyo mwongozo huu una kipimo kimoja tu, nacho ni kikali: mwanafunzi amerudi na nini alichokipima mwenyewe? Kama jibu ni kofia na picha, hiyo ilikuwa matembezi. Matembezi ni mazuri, lakini yaitwe kwa jina lake.

Haya, simika fimbo.

Chagua siku ya jua katika wiki ya tarehe 21 Juni, katikati ya muhula wa pili. Simamisha fimbo uwanjani ikiwa wima kabisa. Ihakikishe kwa uzi uliofungiwa kijiwe, kama fundi wa mjengo anavyofanya. Kuanzia saa sita kamili mchana, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kabla ya kuanza, waulize wanafunzi kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Watajibu kwa sauti moja: saa sita! Wengine wataapa. Waache waape. Kivuli kitaendelea kufupika saa sita na robo, kitafupika saa sita na nusu, na hakitageuka mpaka saa sita na dakika 40 hivi. Kufikia hapo hakuna atakayekuwa amesinzia.

Sasa swali limezaliwa uwanjani, na mwenye swali ni mwanafunzi. Kwa nini saa sita ya redio si saa sita ya jua? Saa ya Kenya imewekwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Ikonge iko kwenye nyuzi 35 hivi. Dunia huchukua dakika 4 kugeuka uzi mmoja, na kumi mara nne ni arobaini. Kitabu cha Jiografia kimesema hivyo miaka yote na wanafunzi wamekariri miaka yote. Ila aliyekaa juani akingoja kivuli kigeuke hatahitaji kukariri tena.

Usiishie hapo. Mpigie simu mwalimu wa Lodwar. Ukiitazama ramani utaona kwamba Lodwar iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Nyamira, kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Mwombe wanafunzi wake wasimike fimbo ya mita moja siku hiyohiyo na wapime kivuli kifupi kuliko vyote. Chenu kitakuwa na urefu wa sentimita 44 au 45, na chao sentimita 37 hivi. Chukueni majedwali ya tanjenti mgeuze urefu huo kuwa pembe. Yenu itakuwa nyuzi 24 na yao itazidi 20 kidogo, kwa hiyo tofauti ni karibu nyuzi 3.7. Mduara mzima una nyuzi 360. Gawanya 360 kwa 3.7, zidisha kwa 400, na utapata karibu kilomita 39,000. Mzingo wa dunia kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,000 hivi. Watoto wa sekondari wamepima sayari nzima kwa fimbo na simu ya dakika tatu! Eratosthenes, aliyesimamia maktaba ya Iskandaria, alifanya hesabu ya aina hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, akilinganisha jua la Iskandaria na jua la Siene, mji ambao leo ni Aswan. Hata yeye hakuhitaji kwenda mbali. Alihitaji kujua kilichokuwa kikitokea mbali, na hapo ndipo simu inapokuwa chombo cha elimu kuliko basi.

Mtaona kosa la kilomita elfu moja na kitu. Msilifiche. Tafuteni lilikotoka: fimbo iliyoinama, ncha ya kivuli yenye ukungu, umbali uliosomwa vibaya kwenye ramani. Mwanafunzi anayeweza kueleza kosa lake amejifunza zaidi ya yule aliyenakili jibu sahihi.

Safari ya pili nayo ni ya miguu, na sasa tunateremka bondeni. Kaunti ya Nyamira ni vilima vitupu: Kiabonyoru, Nyabisimba, Nkoora, Kemasare, na ukingo wa Manga. Kila palipo na vilima viwili kuna kijito katikati. Chukua chungwa moja. Chungwa huelea likiwa limezama kiasi, kwa hiyo upepo haulisukumi sana. Pima mita kumi za kijito kilichonyooka, dondosha chungwa juu, na mwenye saa aanze kuhesabu. Rudia mara tano. Pima upana wa maji, kisha kina sehemu tano tofauti, utafute wastani. Tuseme upana ni mita 3, kina sentimita 40, na chungwa lilisafiri nusu mita kwa sekunde. Zidisha zote tatu utapata mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole kuliko ya juu, kwa hiyo zidisha tena kwa 0.85. Jibu ni karibu lita 500 kila sekunde. Mwambie mwanafunzi anayechota maji kwa mtungi wa lita 20 ahesabu ni mitungi mingapi inampita kila anapopepesa macho.

Maji hayo yana nguvu, na hapa mwalimu wa Fizikia apewe nafasi yake. Lita 500 kwa sekunde zikianguka mita kumi zina uwezo wa kilowati 49, na hata nusu yake ikipotelea kwenye mitambo bado kuna umeme wa kuwasha nyumba nyingi za kijijini. Mkishafanya hesabu hiyo kwenye kijito chenu, hapo ndipo ninapowaruhusu kuwasha basi kwa mara ya kwanza. Nendeni kituo cha umeme cha Sondu Miriu, kusini-mashariki mwa ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria. Mto Sondu huchukua maji ya msitu wa Mau na ya vilima vya upande wetu. Maji hayo yamepitishwa kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6 ndani ya mlima, yakateremshwa kwa kishindo, na yakazalisha megawati 60. Yakitoka hapo hayaachwi yaende zake. Yanapita kituo cha pili, Sang'oro, na kuzalisha megawati 21 nyingine kabla ya kufika ziwani. Mwanafunzi aliyepima kijito kwa chungwa atamuuliza mhandisi maswali ya kumfanya avue kofia akune kichwa. Yule ambaye hakupima atauliza choo kiko wapi.

Mkiwa bondeni, hesabuni pia mikaratusi iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye maji. Muulizeni mwenye shamba kwa heshima: mzee, ulipokuwa mtoto kijito hiki kilikufika wapi, kwenye goti au kiunoni? Andikeni jibu lake pamoja na mwaka. Baada ya miaka kumi ya kuuliza hivyo, shule itakuwa na daftari ambalo chuo kikuu kitaliomba.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote: chai.

Inanishangaza, na inanisikitisha kabisa, kwamba mwanafunzi anaweza kuchuma chai tangu darasa la nne, akamaliza kidato cha nne, asijue kinachotendeka kuanzia kituo cha kununulia hadi kwenye kikombe. Shule imemfundisha jinsi chuma kinavyoyeyushwa Ulaya. Mwongozo wangu ni huu: kabla ya kwenda kiwandani, tengenezeni kiwanda shuleni.

Chumeni kilo moja kamili ya majani mabichi, majani mawili na chipukizi, kama karani wa kituo anavyodai. Yatandazeni mkekani usiku kucha yanyauke, na asubuhi muyapime tena mwandike uzito. Kisha kinu na mchi. Twangeni. Kiwandani kazi hii hufanywa na mashine zinazokata, kurarua na kukunja jani. Nyinyi mna mikono. Mkimaliza, yaacheni kwenye beseni, na hapa mtu asiende kucheza mpira. Mkae mtazame. Kijani kinaanza kuwa rangi ya shaba, na harufu ya nyasi inaondoka. Wengi huita hatua hii kuchachua, lakini hakuna hamira wala pombe hapa. Ni oksijeni ya hewani inayoingia kwenye jani lililopasuliwa, na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani kinafanya kazi. Kata ndizi uiache mezani na utaona jambo hilohilo, kwa sababu kimeng'enya kinachoifanya ndizi iwe ya kahawia ni cha ukoo mmoja na kile cha chai. Mashamba ya hapa yana chai upande mmoja na migomba upande wa pili. Mazao yote mawili yanafanya somo moja la Kemia kila siku, na maabara imefungwa kwa kufuli.

Kausheni kwenye sufuria pana juu ya moto mdogo, mkigeuza bila kupumzika. Pimeni. Kilo moja mliyoanza nayo sasa itakuwa robo kilo hivi, au pungufu kidogo. Sehemu kubwa ilikuwa maji. Chemsheni hiyo robo, mwite mwalimu mkuu aonje kwanza.

Sasa andikeni barua kiwandani, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Kaunti ina viwanda kadhaa vya wakulima: Sanganyi, Kebirigo, Gianchore, Tombe, Nyankoba, Nyansiongo. Nendeni kilicho karibu. Mkifika, fuateni kanuni zao bila ubishi: nywele zifunikwe, bangili zibaki nyumbani, mkono usisogezwe kwenye mashine. Na mwalimu, hapa nakuomba ukae nyuma. Darasani kwako kuna msichana aliyechuma chai leo alfajiri kabla ya kuvaa sare. Mpe nafasi ya mbele. Anajua jani lililopigwa na mvua ya mawe linavyoonekana, anajua karani hukataa jani gani, anajua kikapu huwa kizito saa ngapi. Mwanafunzi wa namna hii, anayekaa kimya kwenye somo la Kiingereza, nimewahi kumwona akisimama mbele ya tanuri la kiwanda na kusema, "Samahani baba, hili jani limechelewa. Lilikaa kwenye gunia." Fundi wa tanuri alilishika, akalinusa, akamjibu, "Ni kweli mwanangu. Limetoka mbali." Sijasikia alama ya mtihani iliyomnyoosha mtu mgongo kama jibu lile.

Hisabati ya chai msiiruke, maana ndiyo yenye uchungu. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kila kilo ya jani bichi, kisha hungoja bonasi baada ya mwaka wa hesabu unaofungwa Juni. Kwa anayetaka, na aliyeruhusiwa nyumbani, alete karatasi ya malipo. Fanyeni hesabu: kilo nne hadi tano za jani bichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kilo hiyo huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Je, ikifika dukani Ikonge kwenye pakiti inauzwa bei gani? Katikati ya bei hizo kuna mvuke wa kuni, umeme, mishahara, malori, madalali, mikopo. Kila mwanafunzi achukue kipande kimoja akifuatilie. Wakimaliza watakuwa wamesoma Biashara kwa kutumia maisha ya nyumbani kwao, na watakuja na maswali ambayo watu wazima hatujayajibu.

Ukitaka safari ya siku nzima yenye basi, nenda Tabaka, upande wa Kisii, penye jiwe la sabuni. Msiende kununua viboko vidogo vya kuweka juu ya televisheni. Nendeni mguse. Jiwe la sabuni kwa kawaida huwa na talki, madini laini kuliko yote kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ndiyo maana ukucha unaweza kulikwaruza. Angalieni jinsi linavyochimbwa, linavyokatwa kwa panga na kisu, na linavyolainishwa kwa msasa ndani ya karai la maji. Ulizeni kwa nini maji, na mtajifunza habari za vumbi na mapafu. Mwombeni fundi mmoja awauzie vipande vilivyovunjika, mrudi navyo shuleni, kila mmoja achonge. Lipeni muda wake. Fundi aliyesimamisha kazi yake saa mbili kuwafundisha watoto wenu amefundisha, na mwalimu hulipwa.

Mkirudi shuleni, jengeni obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane cha Abagusii, mjue kwa masikio uhusiano wa urefu wa uzi, mkazo wake na sauti. Fizikia yote ya mawimbi imo humo. Mtafuteni mzee anayejua kupiga obokano angali hai.

Na historia iko nyumbani, imekaa kwenye kigoda. Januari 1908 Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa serikali ya kikoloni, na nyuma yake alikuwa Moraa, mwanamke mtabiri aliyewahimiza watu wasikubali kutawaliwa. Vitabu vinaipa habari hii aya mbili. Kila mwanafunzi amwendee nyanya au babu, akiwa na kalamu, aulize alisikia nini kuhusu miaka ile na alikisikia kwa nani. Rekodini kwa simu, kwa ruhusa, kwa Ekegusii, kisha mtafsiri kwa Kiswahili darasani. Masimulizi yatapingana. Vizuri! Kupambanua masimulizi yanayopingana ndiyo kazi ya mwanahistoria.

Sasa neno kwa wazazi, maana najua mnasoma. Acheni kufanya miradi ya watoto. Nimeona mfano wa volkano uliochongwa na seremala, ukapakwa rangi na fundi wa magari, ukabebwa na mtoto asiyejua hata lava ni nini. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia gredi ya 10 Januari 2026, na mtaala huo unawataka wafanye kazi za kuihudumia jamii. Ukimfanyia, umemwibia. Kazi yako ni kumpa nafasi, kumpa kinu, na kutomfokea akimwaga unga. Na walimu nanyi, msitume orodha ya manila na gundi yenye kung'aa saa mbili usiku. Duka limefungwa. Mradi mzuri hutumia kilichopo: udongo, majivu, migomba, mvua, wazee.

Usalama nausema kwa ufupi, lakini hauna mjadala. Barua za ruhusa kutoka kwa wazazi. Sanduku la huduma ya kwanza ambalo limefunguliwa na kukaguliwa. Vichwa vihesabiwe kabla ya kuondoka, mkifika, na kabla ya kurudi. Kijitoni mtu asiingie mvua ikiwa imenyesha juu vilimani, hata kama kwenu kuna jua. Ondokeni asubuhi, kwa sababu mvua yetu hupenda alasiri. Basi liwe limezimwa shuleni kabla giza halijaingia.

Shule isiyo na pesa za lolote kati ya haya bado ina uwanja. Nunueni futi kamba moja na mizani moja ya jikoni, mviweke mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuvichukua bila kuomba ufunguo kwa watu watatu.

Na wewe mwalimu wa Lodwar unayesoma haya: wiki ya tarehe 21 Juni, saa sita na dakika 40 mchana, fimbo ya mita moja, wima. Ikonge tunangoja simu yako.